Shule ni Yetu, Lakini Nani Ametuuliza?



Kila mwaka, mwezi wa Januari unapokaribia, karatasi moja huingia katika nyumba nyingi za Masasi na Newala. Ni fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza. Mtoto huileta ameishika kwa mikono miwili kana kwamba ni cheti, na kwa kweli ni cheti cha namna yake, maana inathibitisha kwamba amefaulu. Mzazi huisoma, au husomewa. Humo mna sare na rangi yake, madaftari na idadi yake, jembe, fagio, ndoo, rimu ya karatasi. Kisha kanuni za shule, makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi, na mwishoni mahali pa mzazi kutia sahihi au dole gumba kwamba ameyakubali yote. Tumezitazama fomu kadhaa za namna hiyo. Hatukuona hata moja yenye mstari unaomwuliza mzazi ana maoni gani juu ya shule anayompeleka mwanawe, wala unaomwuliza mtoto mwenyewe.

Wajumbe wa Tume yetu waliketi na wazazi na wanafunzi wa shule za sekondari za serikali, huku Masasi penye mawe na kule juu Newala. Waliketi nao mbali mbali, wazazi peke yao na wanafunzi peke yao, maana sote twajua kwamba mtoto wa huku hasemi mbele ya mjomba wake, na mzazi naye hasemi ukweli wote mbele ya mwalimu wa mwanawe. Majina ya shule hatuyataji. Hatukwenda kumtafuta mkosaji. Na tena, tuliyoyasikia penye shule moja tuliyasikia vile vile penye nyingine, hata kuitaja moja kungekuwa kuwaonea wachache kwa yaliyo ya wengi.

Kabla ya kueleza tuliyoyasikia, yafaa tukumbuke tulikotoka. Shule si mgeni katika nchi hii. Wamisionari wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Na wakati Wamagwangwara walipoishambulia Masasi mwaka 1882, kazi ile ilihamia Newala, katika nchi ya Matola. Wabenediktini walifika Ndanda mwaka 1906. Kutokana na mizizi hiyo zilitoka shule kama Chidya na Ndanda, na kwa Ndanda alipita kijana wa Lupaso, Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wa Awamu ya Tatu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, ilizitia shule za misheni mikononi mwa serikali, ili mtoto asiulizwe dini yake kabla ya kupewa kitabu. Sisi hatulilalamikii hilo. Lilikuwa jambo la haki.

Wala tusijidanganye kwamba zamani, shule zilipokuwa za misheni, wazazi wetu waliulizwa. Hawakuulizwa sana. Historia inamkumbuka Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi tangu mwaka 1926, kwa kulipa jando nafasi katika malezi ya Kikristo badala ya kulikataa kabisa. Huo ulikuwa mfano adimu wa mgeni aliyekiri kwamba wenyeji wana la kusema juu ya kulea watoto wao. Darasani mambo yalikuwa mengine: padre aliamua, mwalimu akatekeleza, mzazi akatii. Baada ya mwaka 1970 waliobadilika ni wakubwa tu. Mzazi alibaki pale pale penye dole gumba.

Kisha zikaja shule za kata. Tangu mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza, wananchi waliitwa kujenga, nao wakaja. Msomaji wa mbali huenda asielewe maana ya kufyatua tofali juu ya Uwanda wa Makonde. Huku hakuna mto. Udongo wetu ni mchanga unaomeza mvua yote, na maji ya bomba husukumwa kutoka mabondeni, kama yale ya Mitema, na mashine ikisimama ndoo nazo husimama. Akina mama wa Newala wanakumbuka kuteremka ukingo mrefu kutafuta maji na kuupanda tena na mzigo kichwani. Kwa hiyo kila tofali la shule hizo lina maji ambayo mtu fulani hakuyapikia wala hakumwogeshea mtoto. Watu waliotoa kitu cha namna hiyo hawakufadhiliwa shule. Waliijenga.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakapangwa upya, magazeti yakaandika kwa majuma mengi. Wazazi wa huku wanakumbuka jambo lingine: walioitwa na mtendaji wakati wa kuchimba msingi hawakuitwa na mtu yeyote wakati wa sifuri.

Basi, wazazi wanasema nini?

Wanasema kwanza juu ya fedha, lakini si kwa namna tuliyoitazamia. Hawakatai kutoa. Wanajua kwamba tangu Januari 2016 ada ya shule za serikali imefutwa hadi kidato cha nne, ile ya shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa na 70,000 kwa bweni, na tangu mwaka 2022 imefutwa pia kwa kidato cha tano na cha sita. Wanashukuru. Kinachowaumiza ni mchango usio na hesabu. Umetolewa wa dawati, mtoto bado anakalia dawati la watu wawili na mwenzake wa tatu. Umetolewa wa mlinzi, na mlinzi haonekani. Akiuliza mtu, huambiwa anapinga maendeleo. Neno hilo, kupinga maendeleo, tumelisikia kila tulikokwenda. Limekuwa kifuniko cha chungu, na mwenye njaa haruhusiwi kukifunua.

Wanasema pia juu ya wakati. Mkulima wa korosho hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha yake hutoka baada ya mnada, kwa njia ya chama cha msingi, na hutoka siku inayotoka. Katika msimu wa 2018/2019, serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walingoja malipo yao miezi mingi, na fomu ya shule haikujua kungoja. Hata mikutano ya wazazi huitishwa Oktoba na Novemba, wakati mtu yuko shambani kutwa akiokota korosho kabla mvua haijaziharibu. Wasiofika huandikwa kuwa wazazi wasiojali.

Na huyo mzazi ni nani? Hapa twaomba walimu waliotoka mikoa mingine watusikilize kwa uvumilivu. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa nchi hii huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana neno lake juu ya mtoto, na mara nyingi mtoto hulelewa na bibi, ambaye ndiye aliyeuza kilo chache za korosho ili sare ipatikane. Akija bibi mkutanoni huulizwa, mzazi yuko wapi? Yeye hukaa nyuma, hanyanyui mkono, na mkutano ukiisha huondoka na karatasi asiyoweza kuisoma. Tulipozungumza na mabibi hao tuligundua kwamba ndio waliojua mengi kuliko wote: mtoto hurudi saa ngapi, amekula au hakula, daftari lina maandishi mapya au ni yale ya juma lililopita.

Yale ya umbali wa shule, na ya binti kupangishiwa chumba mjini akajipikia peke yake katika kile ambacho vijana hukiita geto, tumeyaandika mara nyingi. Hatuyarudii, ila twasema kwamba kila kikao cha wazazi kiliyataja, na kila kikao kilinyamaza kidogo baada ya kuyataja.

Wanafunzi walisema mengine kabisa. Wazazi walipotaja michango, watoto walitaja maji, chakula na lugha. Walisema huketi tangu asubuhi hadi alasiri bila kitu tumboni, na kwamba saa za mchana mwalimu huwa anawafundisha usingizi wao. Wasichana walisema juu ya vyoo visivyo na maji wala mlango, na siku wanazobaki nyumbani kila mwezi kwa sababu hiyo. Siku hizo huandikwa kwenye daftari la mahudhurio kuwa utoro.

Juu ya lugha tulikaa nao muda mrefu. Mtoto wa huku huongea Kimakonde, Kimakua au Kiyao kwa bibi yake, husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha siku moja ya Januari huamka na kuambiwa kwamba elimu yote sasa ni ya Kiingereza. Wanafunzi hawakutuambia kwamba wanakichukia Kiingereza. Wengi wanakitaka kwa shauku. Walilolalamikia ni kwamba hawafundishwi kwanza ile lugha ndipo wafundishwe kwa lugha hiyo, na kwamba anayejaribu kuuliza swali kwa Kiswahili huadhibiwa, ilhali kuliuliza kwa Kiingereza hawezi. Mtoto wa namna hiyo hana njia ila kunyamaza. Kisha twasema vijana wa kusini ni wapole.

Juu ya viboko walisema kwa sauti ya chini, wakitazama mlangoni. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa zito, kwa mamlaka ya mkuu wa shule, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Wanafunzi wengi hawajapata kusikia habari za kitabu hicho. Na wazazi? Baadhi yao, tusifiche, walituambia kwamba viboko vinne ni vichache.

Lakini wanafunzi hao hao, walipoulizwa wanaogopa nini zaidi ya yote, hawakusema kiboko. Walisema kurudishwa nyumbani. Na tulipouliza ni nini kizuri shuleni kwao, walimtaja mwalimu mmoja anayebaki jioni kuwaeleza hesabu tena na tena, peke yake, kwa madarasa yote, kwa sababu wa pili hayupo. Wazazi nao walimtaja huyo huyo. Ilikuwa nafuu kwetu kuona kwamba pande zote mbili zinamheshimu mtu mmoja, na kwa sababu moja.

Sasa twafika kwenye jambo zito zaidi. Imesemwa mara nyingi hadharani katika mikoa yetu ya kusini kwamba wako wazazi wanaowaambia watoto wao wajifelishe mtihani wa darasa la saba, ili wasichaguliwe kwenda sekondari. Viongozi hulikemea jambo hilo kwa ukali, na sisi pia twalilaani, kwa maana ni kumfungia mtoto mlango kabla hajaugusa. Ila tuliketi na watu wanaolifahamu kwa karibu, tukatambua kwamba hayo nayo ni maoni juu ya shule. Mzazi ambaye hakuulizwa kamwe, na ambaye akisema huitwa mpinga maendeleo, ametoa maoni yake kwa njia pekee iliyobaki mikononi mwake: kupitia kalamu ya mwanawe. Ameona kijana wa jirani akirudi baada ya miaka minne na sifuri, hawezi kazi ya ofisini wala hataki tena jembe, na gunia la korosho limekwenda. Amepiga hesabu yake. Hesabu hiyo ni mbaya, lakini haikupigwa na mjinga, na makaripio peke yake hayataibadilisha.

Wasichana wanaopata mimba wakiwa shuleni hawawezi kuachwa nje ya mazungumzo haya. Kwa miaka mingi waliondolewa shuleni, na Juni 2017 ilitamkwa na Rais kwamba hawatarudi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi katika mfumo rasmi baada ya kujifungua. Wazazi tuliozungumza nao wamegawanyika: wako wanaosema ruhusa hiyo itawafundisha wengine, na wako waliomrudisha binti yao kimya kimya. Sisi twasimama na hao wa pili. Tena twaomba tuache desturi ya kuutupia unyago lawama yote; mwenye kumpa mimba mtoto wa shule mara nyingi ni mtu mzima anayejulikana kijijini, na ukoo hukaa ukayamaliza kwa fedha. Binti akirudi darasani sheria imemfungulia mlango, lakini ni nani atakayeketi naye dawati moja? Na Jumapili, katika mabenchi yetu wenyewe, ni nani anayesogea ampe nafasi? Katika kigango kimoja tuliambiwa kwamba binti wa namna hiyo husali nyuma, karibu na mlango. Hili si la Wizara.

Kwa nini twashikilia kwamba maoni ya mtoto ni suala la haki, si la adabu tu? Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inasema kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake juu ya elimu mwaka 1965, uliwaita wazazi walezi wa kwanza. Hayo yote yameandikwa. Lakini mmoja wetu alituhadithia kwamba alipokuwa kidato cha pili, miaka mingi iliyopita, aliandika barua ya heshima kwa mkuu wa shule juu ya maharage yenye wadudu. Aliitwa mbele ya gwaride, barua ikasomwa, akapewa kisiki cha mwembe aking'oe. Alikichimba siku nne. Maharage hayakubadilika. Yeye sasa ni mzee, na anakiri kwamba tangu siku ile hakuandika tena barua kwa mkubwa yeyote hadi alipojiunga na Tume hii. Tujiulize ni wangapi waliong'oa visiki na kujifunza somo hilo moja kikamilifu.

Tusiwasahau walimu. Mwalimu kijana anayeletwa huku kutoka mbali hupanga chumba, hununua maji kama sisi, hufundisha masomo mawili au matatu na kulaumiwa kwa yote. Naye ana maoni, na wa kumwuliza hayupo. Mara nyingine ukali wake kwa watoto ni ukali wa mtu aliyenyamazishwa.

Twaomba basi mambo ambayo hayahitaji bajeti ya Dodoma. Hesabu ya kila mchango ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa kijiji, kwa Kiswahili, kwa tarakimu kubwa. Mkutano wa wazazi usiitishwe katika majuma ya mavuno ya korosho. Na anayemlea mtoto, awe bibi au mjomba, aitwe kwa jina lake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inaitambua bodi ya shule: wajumbe wake wajitokeze wajulikane, maana wazazi wengi tuliozungumza nao hawakuweza kumtaja hata mmoja. Kabla ya kila kikao cha bodi, baraza la wanafunzi likae bila mwalimu chumbani, na waliyoyasema yasomwe na wao wenyewe. Mkuu wa shule ana haki ya kuyajibu. Hana haki ya kuyafuta.

Na shule zetu za Kanisa zisidhani kwamba zimesamehewa. Huko ada ni kubwa na nidhamu husifiwa, lakini tumesikia ukimya ule ule.

Ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki tumeuacha mweupe kwa makusudi. Nusu ya juu ni ya mzazi au mlezi, nusu ya chini ni ya mwanafunzi. Jina si lazima. Jumuiya zote zinaombwa kuijadili shule ya kata yao katika mkutano mmoja, na kurasa zilizojazwa zifikishwe kwa mwenyekiti wa kigango kabla shule hazijafunguliwa Januari, nasi tutazipeleka kwa bodi na kwa mtendaji wa kata kama zilivyo, bila kusahihisha hata herufi. Asiyejua kuandika amwambie mjukuu wake amwandikie. Na mjukuu aandike alivyosema bibi, hata kama ni juu ya mjukuu mwenyewe.